Maombi ya chuo kikuu yaandaliwe kabla ya Mei

Swali la juma hili liliuliza mwanafunzi wa kidato cha sita aanze lini kujiandaa kuomba chuo kikuu, na mzazi amsaidie kwa namna gani. Mimi ni mwalimu wa kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni hapa Tanzania, na jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inapaswa kuwa imekamilika kabla mwanafunzi hajaketi kwenye mtihani wa Mei, kwa sababu baada ya hapo muda haumo tena mikononi mwake.

Ratiba yenyewe inaeleza hivyo. Wahitimu wengi, mara tu wanapomaliza mtihani, huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, mafunzo yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kijana aliyeko kambini Mafinga au Bulombora hana simu mfukoni wala steshenari yenye kompyuta ya kukimbilia. Matokeo hutangazwa Julai akiwa hukohuko, dirisha la udahili hufunguliwa, na baada ya majuma machache awamu ya kwanza hufungwa. Anayejaza maombi kwa niaba yake ni baba, dada au kijana wa steshenari, na wote hao, hata wakiwa na nia njema kabisa, mara nyingi hawajui mwombaji anataka kusoma nini, au wanajua jina la kozi lakini hawajui inadai masomo gani na ufaulu wa kiwango gani. Inaniuma kuona mwanafunzi aliyefanya vizuri akipangiwa programu ambayo hakuwahi kuifikiria, kwa sababu tu aliyekuwa mbele ya kompyuta alichagua kilichoonekana kwanza.

Kitu cha kusoma mapema ni mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambao hupatikana bure kwenye tovuti yake. Tangu mwaka 2017, ulipoachwa mfumo wa pamoja wa udahili ulioanza mwaka 2010, mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye kila chuo anachokitaka, na hivyo mzigo wa kuchambua programu umehamia kwake mwenyewe. Mwongozo mpya hutoka karibu na dirisha kufunguliwa, lakini ule wa mwaka uliotangulia unatosha kabisa kumpa mwanafunzi wa kidato cha tano picha ya njia iliyo mbele yake, mradi akumbuke kulinganisha na mpya utakapotoka.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo wazazi na wanafunzi wengi wanapopotea. Tumezoea kupima matokeo kwa daraja, na katika daraja pointi chache ndizo bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Udahili wa chuo kikuu unahesabu kinyume chake, kwa maana A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili. Sharti la chini la jumla kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2016 ni masomo mawili ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo anaoubeba mwanafunzi kidato cha tano na cha sita, yenye jumla ya pointi 4.0, tena yawe masomo yanayotakiwa na programu husika. Chukua wanafunzi wawili waliopata daraja la tatu kwa pointi 14. Wa kwanza ana D, D na S. Wa pili ana D, E na E. Kwenye ubao wa matangazo wa shule wanaonekana sawa, na pengine wa pili anasifiwa kwa kuwa hana S hata moja. Kwa hesabu ya udahili, wa kwanza ana pointi 4 na sharti la jumla amelitimiza, wakati wa pili, kwa masomo yake mawili bora, ana 3 na mlango umefungwa. Mwanafunzi anayelijua hili mwezi Januari husoma tofauti na yule anayeligundua Julai, maana atatambua kwamba masomo mawili yanayobeba programu anayoitaka hayapaswi kunyimwa muda ili kuokoa la tatu ambalo halimfikishi anakokwenda. Nasema hivyo huku nikijua kwamba programu kama udaktari zinadai masomo yote matatu, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na mwenye lengo hilo hana somo la kuacha nyuma.

Kuna pia matokeo ya kidato cha nne, ambayo wengi hudhani yamekwisha kazi. Zipo programu za sayansi zinazomtaka mwombaji aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) awe amefaulu angalau kwa kiwango cha S katika BAM, yaani somo la ziada la hisabati, au awe na D ya Hisabati ya kidato cha nne. Msichana anayeidharau BAM kwa kuwa haiingii kwenye daraja lake anaweza kujikuta amefungiwa nje ya kozi ambayo Kemia na Biolojia yake zingemfikisha bila shida. Kwa sababu hiyohiyo uchaguzi wa tahasusi unahitaji uangalifu, hasa baada ya tahasusi kuongezwa hadi 65 mwaka 2024. Fursa ya kubadilisha tahasusi baada ya matokeo ya kidato cha nne itumiwe na mtu ambaye tayari amefungua mwongozo na kuona tahasusi hiyo inaelekea wapi.

Kuhusu mtihani wenyewe nitasema machache. Baraza la Mitihani huchapisha kwenye tovuti yake fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikionyesha watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Nyaraka hizo hazina malipo, na kwa maoni yangu zina faida kuliko vijitabu vingi vya maswali na majibu vinavyouzwa mitaani.

Mzazi anaweza kufanya kazi yake mwanawe akiwa bado darasani, nayo ni ya nyaraka. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au kwa wenzetu wa Zanzibar katika wakala wao wa usajili, na majina yaliyomo yalingane na yale ya cheti cha kidato cha nne, kwa kuwa tofauti ya herufi moja inaweza kusimamisha maombi ya mkopo wa masomo kwa muda mrefu. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Mdhamini wa mkopo atafutwe mapema, na ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji itembelewe kabla ya msimu wa foleni. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne ahakikishe kwamba namba ya mtihani anayotumia kuomba chuo ndiyo hiyohiyo anayoitumia kuomba mkopo kwenye Bodi ya Mikopo.

Mwisho ni namba ya simu na barua pepe. Mwombaji anayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu iliyosajiliwa wakati wa kuomba. Ikiwa simu hiyo ni ya mwenye steshenari, nafasi inaweza kupotea bila kosa la mtu yeyote darasani. Iandikwe simu ya mzazi au ndugu ambaye atakuwa na laini hiyo hadi Oktoba, na kijana, kabla ya kwenda kambini, amwachie karatasi yenye programu anazozitaka kwa mpangilio wa upendeleo, nywila zake zote, na kiwango cha ufaulu ambacho kikipungua, basi ombi lihamie kwenye programu inayofuata.