Achana na Priseti, Jifunze Sauti Inavyotengenezwa

Wiki hii tangazo nililolitungia muziki limeanza kusikika redioni hapa Kampala, na simu haipumziki. Swali ni lilelile: "Kaka, ile amadinda, marimba yetu ya magogo, ulimrekodi nani?" Sikumrekodi mtu. Sauti ile imetoka kwenye Dexed, programu ya bure inayoiga kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983.

Kuna prodyuza mmoja mjini aliyewahi kuniambia mbele ya wasanii kwamba mimi ni fundi redio, si mwanamuziki, kwa sababu nilipenda kuuliza sauti imeundwaje. Laptopu yake ilijaa priseti, yaani sauti zilizotengenezwa tayari, na biti zake zote zikafanana. Sina kinyongo naye. Ila kazi hii aliitaka pia.

Wewe unayetaka kufika mbali, anza na usanisi (kuunda sauti kwa mashine) wa kupunguza. Unachukua wimbi la msumeno, ambalo limejaa harmoniki, yaani milio ya ziada iliyo mara mbili, tatu na kuendelea ya noti ya msingi, kisha filta inakata zile za juu. Kinanda cha Minimoog cha 1970 kilifanya hivyo, na besi nyingi unazozisikia klabu hutengenezwa hivyo hadi leo. Usanisi wa kujumlisha ni kinyume chake: unapanga mawimbi laini moja juu ya jingine, kama ogani ya Hammond. Huo sina mengi ya kuusemea, unachosha.

Uhondo uko kwenye FM, si ile ya redio bali usanisi wa kuyumbisha masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde). John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aliigundua mwaka 1967: wimbi moja linayumbisha masafa ya jingine kwa kasi kubwa, na sauti mpya zinazaliwa pembeni. Uwiano wa mawimbi hayo ukiwa wa namba kamili, kama 1 kwa 2, unapata sauti tulivu yenye noti inayoeleweka. Ukiwa si wa namba kamili, unapata kengele, chuma, mti.

Sasa fikiria gogo la amadinda lililolazwa juu ya mashina ya migomba. Upau ulio huru ncha zote mbili hautoi harmoniki kamili: mlio wake wa pili uko karibu mara 2.76 ya ule wa kwanza. Kwa hiyo nilikwepa namba kamili, nikasogeza uwiano kidogo kidogo hadi sikio likakubali. Halafu, na hapa ndipo wengi hukwama, lile wimbi linaloyumbisha nililifanya life haraka kuliko linalosikika. Mwanzoni unasikia "ko!" ya fimbo, kisha mti mtupu. Ukiliacha liendelee, unapata kengele ya kanisa.

Ukitaka adungu, kinubi chetu cha nyuzi, FM itakusumbua. Tafuta mbinu ya Karplus na Strong ya 1983: mvumo mfupi wa kelele unazungushwa kwenye kicheleweshi, kinachoirudisha sauti baada ya muda mfupi, na kila mzunguko unalainishwa kidogo. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kicheleweshi cha sampuli 100 kinakupa noti ya karibu hezi 440. Surge XT, programu nyingine ya bure, ina osileta (kizalisha wimbi) ya nyuzi ya namna hii.

Vijana, tumezoea kulia hatuna vifaa. Vifaa hivi ni vya bure, tunachokosa ni subira. Fungua programu, futa kila kitu, ubaki na wimbi moja. Ukiniandikia, usiniulize ununue kinanda gani. Niambie umetumia uwiano gani, na uambatanishe faili nisikilize.