Pedali za gitaa la besi: sikiliza kinachobaki chini

Mpiga besi anapotafuta pedali, kile kisanduku kinachokanyagwa ili kubadilisha sauti ya gitaa, mara nyingi huanza na jina. Ameiona miguuni mwa fulani, ameisikia kwenye rekodi, anaitaka. Nimepiga besi kwenye bendi miaka mingi, na anayenijia na jina mimi humrudishia swali: ukiikanyaga hiyo pedali katikati ya wimbo, dramu na magitaa yakiwa yamepamba moto, besi yako itaendelea kuwepo? Kwamba sauti itabadilika, hilo ni hakika. Ninachouliza ni kama ule uzito ambao wenzako wote wanauegemea utabaki palepale. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza, na pedali nyingi nzuri kabisa hushindwa hapo.

Sababu iko kwenye mitetemo. Uzi wa E wa besi, ukipigwa wazi, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Besi ya nyuzi tano huteremka mpaka B, karibu hezi 31. Uzi mzito kabisa wa gitaa la kawaida huanzia hezi 82, oktava nzima (yaani mtetemo mara mbili) juu ya besi. Sasa pedali nyingi zilizoko sokoni zilibuniwa kwa ajili ya gitaa, na aliyezibuni alikuwa na kila sababu ya kukata sauti za chini, kwa kuwa gitaa likichafuliwa pamoja na besi yake yote hugeuka tope. Tube Screamer ya Ibanez ni mfano unaojulikana na kila mtu: hupunguza masafa ya chini kwa makusudi kabla ya kuichafua sauti, na ndiyo maana solo la gitaa hupenya. Mkabidhi mpiga besi pedali hiyohiyo na sakafu ya wimbo huondoka mara tu anapoikanyaga.

Hii haina maana kwamba pedali ya gitaa ni haramu kwa besi. Zipo zinazofaa sana. Ila uichunguze kwanza, na kitu cha kwanza kutafuta ni nobu (kitufe cha kuzungusha) ya kuchanganya, ambayo kwa kawaida huandikwa Blend au Dry. Nobu hiyo huruhusu sauti safi ya besi yako ipite kando bila kuguswa, kisha ikutane na ile iliyochafuliwa mwishoni. Ukiwa nayo, unaweza kuweka ukali wa kutosha juu huku chini kukiwa kumetulia. Kwa pedali za mkwaruzo, zile zinazoichafua sauti (ovadraivu, distosheni na fazi, kuanzia nyepesi hadi nzito), mimi siishauri yoyote isiyo nayo, isipokuwa imetengenezwa mahsusi kwa besi na umeisikia mwenyewe ikishika chini.

Nibaki kidogo kwenye mkwaruzo, kwa sababu ndiko watu hupoteza pesa nyingi. Kuna kitu kuhusu sikio ambacho mpiga besi anapaswa kukijua: noti za chini sana sikio huzisikia kwa shida, na sehemu kubwa ya kuitambua noti hutokana na sauti zake za juu, zile zinazopanda kwa vizidishi vya mtetemo wa msingi. Spika ndogo haiwezi kutoa hezi 41, lakini bado unaitambua E, kwa sababu hezi 82, 123 na zinazofuata zipo. Mkwaruzo huongeza hizo za juu. Kwa hiyo mkwaruzo kidogo, ule ambao ukiwa peke yako huusikii vizuri, ndani ya bendi huifanya besi ieleweke bila kuongeza sauti hata kidogo. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Fazi nzito ina nafasi yake, na Cliff Burton, mpiga besi wa bendi ya Metallica, alionyesha besi yenye fazi na wah (pedali inayofanya sauti iseme "wau" kwa mguu) inaweza kufika wapi. Lakini inahitaji wimbo ulioachia nafasi, na mpiga gitaa aliye tayari kupungua. Kama bendi yako ina magitaa mawili yenye distosheni, fazi ya tatu kutoka kwenye besi itawameza wote na wewe ukiwemo.

Ukienda kujaribu, nenda na besi yako mwenyewe. Nasisitiza hili. Besi yenye pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) zisizo na betri, yaani pasivu, na besi yenye betri ndani hutoa nguvu tofauti. Ile ya betri inaweza kuisukuma pedali mpaka ikwaruze hata ulipoiweka safi, na ndiyo sababu pedali kadhaa za besi zina swichi ya kuchagua kati ya hizo mbili. Kisha rekebisha sauti ili pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa ziwe na ukubwa uleule. Sikio hupenda kilicho kikubwa zaidi, na muuzaji asipokwambia, nobu ya sauti itakudanganya. Halafu sogea mbali na spika. Wimbi la E ya chini lina urefu unaozidi mita 8, kwa hiyo ndani ya kijichumba utasikia besi imejaa kwenye kona moja na kutoweka hatua mbili mbele, hata kama pedali haina kosa lolote. Ukiweza, cheza juu ya rekodi ya dramu. Bora zaidi, azima pedali uende nayo mazoezini, umuulize mpiga dramu ameona tofauti gani. Jibu lake nalithamini kuliko mapitio yoyote ya mtandaoni.

Kama utanunua moja tu, iwe tyuna, ile inayokuonyesha kama nyuzi ziko sawa. Najua haina msisimko. Lakini sikio halitambui haraka noti ya chini iliyopotea kidogo, na besi ikiwa nje ya ufunguo kila mtu jukwaani huonekana yuko nje. Hakikisha inasoma uzi wa B ikiwa una nyuzi tano, na kwamba ikiwashwa inanyamazisha sauti.

Baada ya hapo ningetafuta kompresa. Kazi yake ni kubana tofauti kati ya noti kubwa na ndogo. Unaweka kizingiti, na sauti ikikivuka hupunguzwa kwa uwiano uliochagua: uwiano wa 4 kwa 1 maana yake kila desibeli 4 zilizovuka kizingiti hutoka kama desibeli 1. Kilicho muhimu kwa besi ni muda wa kuanza kubana. Ukiufanya mfupi mno, kompresa hulila lile gonga la kidole mwanzoni mwa noti, na besi inakuwa laini isiyo na mdundo. Ukiurefusha kidogo, gonga hupita, ndipo mwili wa noti unabanwa, na mstari wako unakaa sawa na teke la dramu, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Nyingine zina nobu mbili tu na mtengenezaji ameshakuchagulia muda huo; hizo zisikilize kwa makini zaidi, maana huwezi kuurekebisha. Taa inayoonyesha kiasi cha kubana ni msaada mkubwa kwa anayejifunza. Na niseme wazi: kompresa haitibu mkono usio na usawa. Mpigaji anayeitegemea kwa hilo husikika bila uhai, kwa sababu hata nguvu alizokusudia huwa zimebanwa.

Oktava ni pedali ninayoipenda sana, na inaeleweka vibaya. Huongeza noti iliyo oktava moja chini ya unayoipiga. Hesabu mwenyewe: oktava chini ya E wazi ni kama hezi 20, mahali ambapo sikio la binadamu linaishia na spika nyingi zilishakata tamaa zamani. Kwa hiyo huko chini unaongeza mtikisiko unaokula nguvu za amplifaya bila faida. Oktava huimba ukipanda juu ya shingo, kuanzia freti (kijiti cha chuma shingoni) ya saba hivi na kuendelea kwenye nyuzi nyembamba. Zile za analogi, kama Boss OC-2 ya mwaka 1982, hufuata noti moja tu kwa wakati na huyumbayumba kwenye noti za chini sana. Mpiga besi Pino Palladino aliitumia OC-2 na besi isiyo na freti katika miaka ya 1980, na sauti yake ile nzito yenye kuimba bado inaigwa. Za dijitali hufuata vizuri zaidi, hata noti mbili pamoja, ila nyingine hazina ule unene. Hapa chagua kwa sikio lako.

Filta inayofunguka kwa nguvu ya mkono, ile inayosema "wau" kila ukigonga uzi, ilijulikana kupitia Mu-Tron III ya miaka ya 1970 na wapiga besi kama Bootsy Collins. Chagua yenye nobu ya kuamua inavyoitikia mguso wako, na yenye uwezo wa kupitisha masafa yote ya chini badala ya ukanda mmoja wa katikati. Ya ukanda hukata chini kabisa. Kwa besi tofauti hiyo ni kubwa mno, na mara nyingi imefichwa kwenye swichi ndogo isiyopewa maelezo.

Korasi, delei na riveba nazipita haraka. Korasi huyumbisha mlio wa noti, na noti ya chini ikiyumba huonekana imetoka nje ya ufunguo, kwa hiyo tafuta iliyo na njia ya kuacha chini bila kuguswa, kama Boss CEB-3 yenye nobu yake ya kufanya hivyo. Delei (inayorudia noti kama mwangwi) na riveba (inayoiga mwangwi wa ukumbi) hurundika noti za chini moja juu ya nyingine. Kwa solo au utangulizi wenye nafasi ni tamu. Kwa wimbo mzima, ziache.

Pedali ya mwisho kwenye mstari, na kwa anayepiga jukwaani mara kwa mara ndiyo ya maana kuliko nyingi, ni priamu (kikuza sauti cha awali) yenye DI, yaani njia ya kuunganisha besi moja kwa moja na mitambo. Hii hukupa vidhibiti vya sauti na hapohapo tundu la XLR, lile la waya wa maikrofoni, la kupeleka besi kwenye miksa. SansAmp ya Tech 21 na zile za Darkglass kutoka Finland ni maarufu kwa sababu hiyo: unaweza kufika mahali pasipo na amplifaya ya kueleweka na bado ukawa na sauti yako. Angalia iwe na swichi ya kukata ardhi, inayoua mvumo unaozuka pale vifaa viwili vinapounganishwa kwa njia mbili. Angalia pia kama unaweza kuchagua kutuma sauti iliyopita kwenye pedali au ile ambayo haijapita. Halafu zungumza na fundi mitambo kabla ya onyesho. Ikiwa amechukua besi yako kabla ya pedali, wewe utasikia fazi nyuma yako huku watu wakisikia besi safi, na hakuna atakayekwambia.

Kuhusu mpangilio, mimi huanza na tyuna, kisha filta na oktava, kisha kompresa, mkwaruzo, halafu korasi na delei, na DI mwisho. Filta na oktava zinahitaji sauti ghafi: filta husoma nguvu ya mkono wako, na ikiwekwa baada ya kompresa haina cha kusoma, oktava ikiwekwa baada ya fazi hubabaika ni noti ipi iifuate. Fazi za muundo wa zamani wakati mwingine hutaka kuungwa moja kwa moja na pikapu, mbele ya kila kitu. Vinginevyo badilisha upendavyo.

Umeme nao una yake. Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, lakini si zote, na kuna fazi zenye chanya katikati. Soma maandishi kando ya tundu kabla ya kuchomeka. Volti 18 kwenye pedali ya 9 zinaweza kuiua papo hapo. Miliampu, yaani kiasi cha mkondo wa umeme, ni kinyume: chanzo kikiwa na uwezo zaidi ya unaohitajika hakuna tatizo, kikiwa na pungufu pedali itakwaruza au itazima. Za analogi nyingi hula kidogo, za dijitali zinaweza kufika miliampu 200 au 300. Ukizigawia zote waya mmoja, za dijitali humwaga mlio mwembamba kwenye za analogi, na mkwaruzo huukuza. Chanzo chenye matundu yaliyotenganishwa ni ghali kuliko adapta moja, lakini mimi ningekinunua kabla ya pedali ya tatu.

Iliyotumika haina ubaya. Nyingi za kwangu niliziokota kwa wenyewe waliozichoka. Izungushe kila nobu ukisikiliza kama inachakacha, tikisa jeki ukiwa unapiga, kanyaga swichi tena na tena uone kama kuna wakati inakataa, na ifungue mahali pa betri uangalie kutu. Ukimaliza, zima pedali usikilize besi ikipita tu ndani yake. Kuna zinazopunguza uhai wa sauti hata zikiwa zimezimwa, na hiyo utaishi nayo katika kila wimbo usioihitaji. Pedali za zamani zisizotumia volti 9 za kawaida, usizichukue bila adapta yake.