Divisheni Moja, Milango Tofauti: Maswali Yenu ya Mitihani

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa wazazi waliosoma matokeo ya watoto wao kwa kuangalia divisheni na kuishia hapo. Ndiyo maana jibu la kwanza ni refu.

Mama wa Igoma: *Mwanangu ana divisheni fo ya pointi 28, na wa jirani ana 28 hiyo hiyo. Wangu ana C tatu, wa jirani hana hata C moja, kote ni D. Wa jirani amepata chuo cha afya, wangu amekataliwa. Kuna haki hapo?*

Mama, chukua karatasi tuhesabu. Kidato cha nne A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na zinajumlishwa za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mtoto wa jirani ana D saba: 4 mara 7 ni 28. Wako, kwa orodha uliyoituma, ana C kwenye Kiswahili, Historia na Jiografia, D ya Uraia, halafu F tatu za Hisabati, Kiingereza na Baiolojia: 9 na 4 na 15, jumla 28. Jumla ni moja ila watoto hawa wamefaulu vitu tofauti kabisa, kwa sababu pointi hazijui somo. D ya Kemia na D ya Uraia zinahesabiwa sawa.

Chuo kinajua somo. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, hata kwa D. Wa jirani anazo zote tatu. Wako ana F ya Baiolojia, na Kemia na Fizikia hazimo hata kwenye orodha yako. Kwa hiyo hakuonewa.

Kidato cha tano nacho hakimfai, ingawa C tatu zinamdanganya. Kigezo kilichotumika kwa miaka mingi ni krediti tatu (A, B au C) zisizo za dini, jumla isiyozidi pointi 25, masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo wa kidato cha tano, yasiyozidi pointi 10, na pasiwe na F kwenye somo lolote la tahasusi hiyo. C tatu za tahasusi zinampa 9, hapo yuko salama, ila 28 yake inamtoa.

Kilicho wazi kwake ni kozi za cheti zinazoomba ufaulu wa D nne bila kutaja sayansi, kama zile za biashara na uhasibu, na vyuo vya namna hiyo vipo hapa hapa Mwanza. Ana masomo manne kamili, hana la akiba. Asome mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kozi kwa kozi kabla ya kulipa ada ya maombi popote. Na kama moyo wake uko kwenye afya, arudie sayansi zote tatu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kurudia Baiolojia peke yake hakutamsaidia kitu.

Ninachosikitikia ni kwamba haya yangejulikana kidato cha pili. Upimaji wa kidato cha pili hutoa alama za kila somo, miaka miwili kabla. Mzazi aliyeona F ya Baiolojia pale alikuwa na muda wa kutosha kutafuta mwalimu. Aliyeuliza "amepita au hakupita?" aliupoteza muda huo.

Mwanafunzi, Pasiansi: *A ya kidato cha nne inaanzia ngapi?*

75. B ni 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno. Liandike kwenye jalada la daftari.

Kijana wa kidato cha sita, Nyegezi: *Nina divisheni three ya 15. Rafiki yangu mwenye 15 pia ameambiwa hana sifa za chuo kikuu. Na mimi nisiombe?*

Hujaniandikia alama zako, na ndizo ninazozihitaji. Kuna mizani mbili na zinakwenda kinyume. Ya Baraza la Mitihani: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, na ndogo ndiyo nzuri. Ya TCU, tume ya vyuo vikuu: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kubwa ndiyo nzuri. TCU inataka masomo mawili ya tahasusi yaliyofikia E au zaidi, zile mnazoziita prinsipo, na jumla ya mawili hayo isipungue 4.

Sasa 15 yako inaweza kuwa D, D, F: 4, 4 na 7. Kwa TCU hiyo ni 2 na 2, yaani 4, umevuka. Au inaweza kuwa C, S, S: 3, 6 na 6. Kwa TCU hiyo ni prinsipo moja tu, na hata kama C yako ni nzuri kuliko D za mwenzako, mlango umefungwa. Yamkini ndicho kilichompata rafiki yako.

Kuvuka 4 ni kuruhusiwa kuomba, siyo kupata. Kila kozi ina masharti yake juu ya hayo. Udaktari, kwa wanaotazama Bugando, unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu ziwe prinsipo. Soma mwongozo wa mwaka unaoombea, siyo wa mwaka jana aliokuachia kaka.

Mzazi, Nansio, Ukerewe: *Tunaambiwa darasa la saba linafutwa. Wangu alikuwa la tatu mwaka 2024. Atamaliza lini?*

Atamaliza darasa la sita, mwaka 2027. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa la nne mwaka huo wanaendelea na wa zamani hadi la saba, nao watamaliza 2027 hiyo hiyo. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja.

Wazazi wa visiwani, litafakarini hili mapema kuliko wa mjini. Shule ya kata iliyokuwa ikipokea mikondo miwili itatakiwa kupokea minne. Ulizeni kwenye kikao cha kijiji na kwa diwani wenu: vyumba vingapi, madawati mangapi, matundu ya choo mangapi, na hosteli kwa watoto wanaovuka maji kwenda shule. Swali hilo likiulizwa Desemba 2027 litakuwa limechelewa.

Baba, Sengerema: *Kijana wangu amepangiwa mkondo wa amali. Ndugu wanasema huko ni kwa walioshindwa. Nimhamishe?*

Usimhamishe kwa maneno ya ndugu. Sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, na wa amali haumfungii mtu chuo. Anayetoka huko akasoma stashahada na kupata GPA (wastani wa alama) ya 3.0, akiwa na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne au cheti cha ufundi cha ngazi ya tatu, anaomba shahada kama wengine. Na ufundi sekondari si jambo geni kwetu: Bwiru Wavulana na Musoma ni shule za ufundi za siku nyingi.

Cha kukutia wasiwasi ni kingine kabisa. Amali inapimwa kwa mkono. Fika shuleni mwenyewe, ukaulize haya: karakana iko wapi, na inafunguliwa siku ngapi kwa wiki? Mwalimu wa fani ameajiriwa, au ni wa Historia aliyepewa kipindi? Kila kifaa kinatumiwa na wanafunzi wangapi? Wakiwa 40 kwa cherehani mbili au kwa mashine moja ya kuchomelea, mtoto wako atahitimu akiwa mtazamaji. Watoto wanaenda kufanya mazoezi kazini wapi, na nani anawasimamia? Shule isiyo na majibu ya haya ndiyo ya kuhamwa, iwe ya amali au ya jumla.

Na msidhani mitihani ya aina hii ni myepesi. Swali la zamani lilisema: "Taja aina tatu za chakula cha samaki." Mtoto akakariri, akataja, akasahau. Swali linalopima umahiri linakwenda hivi: kizimba kina sato 2,000, wastani wa gramu 150 kila mmoja, wanalishwa asilimia 3 ya uzito wao kwa siku. Mfuko wa kilo 25 utatosha siku ngapi? Uzito wote ni kilo 300, chakula cha siku kilo 9, mfuko hautimizi hata siku tatu. Hapo Hisabati na samaki haviachani. Mtoto anayejua hesabu hiyo ana la kumwambia mwenye vizimba, na akienda chuo cha uvuvi pale Nyegezi hataanza moja. Walimu wanaoendelea kufundisha kwa "taja" na "orodhesha" wanawaandaa watoto kwa mtihani unaoondoka.

Mwalimu, Magu: *Tangu Baraza liache kutangaza shule kumi bora, wazazi watajuaje shule nzuri?*

Baraza liliacha Januari 2023, kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2022, na lilifanya vema. Orodha ile ilizaa shule zinazochuja watoto badala ya kuwafundisha.

Anayetaka kujua afungue matokeo ya shule kwenye tovuti ya Baraza. Chini ya majina kuna jedwali la masomo: waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, na GPA ya kila somo. Aanze na Hisabati, ndipo shule nyingi zinaumbuka. Kisha alinganishe waliofanya kidato cha nne na waliofanya kidato cha pili miaka miwili nyuma katika shule ile ile. Kama walikuwa 120 na sasa ni 70, aulize wale 50 wako wapi. Divisheni wani zilizoandikwa kwenye bango la getini hazimjibu swali hilo.

Bila jina, Mabatini: *Kuna mtu anauza pepa la Baraza kwenye simu. Ni la kweli?*

Usinunue. Likiwa bandia umeibiwa, na likiwa la kweli matokeo ya mtoto yanafutwa.

Mama, Misungwi: *Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, shuleni ameandikishwa matatu. Ina shida?*

Ina shida kubwa, na inakua kila mwaka. Nenda kwa mwalimu mkuu na cheti cha kuzaliwa, jina lisahihishwe kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, kabla shule haijasajili watahiniwa wa darasa la saba. Hakikisha kwa macho yako, herufi kwa herufi: Mashaka na Masshaka ni watu wawili mbele ya mashine. Jina lile litamfuata hadi cheti cha kidato cha nne, kisha atakapoomba mkopo wa elimu ya juu ataombwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kurekebisha herufi moja darasa la sita ni kazi ya asubuhi moja. Akiwa na miaka 20 ni viapo, nauli na miezi ya kusubiri.

Mwalimu wa darasa la saba, Buhongwa: *Watoto wazuri wanapata alama ndogo kuliko za darasani. Fomu ya OMR inaweza kuwa sababu?*

Inaweza. Kila karatasi ina maswali 45: 40 ya kuchagua, alama moja moja, na 5 ya kuandika, alama mbili mbili, jumla 50. Yale 40 hujibiwa kwenye fomu ya OMR kwa kutia kivuli na yanasomwa na mashine, na makosa ni yale yale kila mwaka. Mtoto anatia kivuli hafifu, au anatumia kalamu ya wino pale penye penseli. Anabadili jibu bila kufuta la kwanza, mashine inaona majibu mawili. Anaruka swali la 12 lakini kwenye fomu haruki, kuanzia hapo kila jibu limekaa kwenye mstari wa mwenzake. Hilo la mwisho ndilo linaloua alama nyingi kwa mpigo.

Penseli iwe HB, kifutio kiwe laini na kikavu, visigawanywe kwa watoto wawili wawili. Wafundishe kusimama kila baada ya maswali matano na kulinganisha namba ya swali na namba ya fomu. Toa nakala za fomu na uwape mazoezi nayo kuanzia muhula wa kwanza. Wiki ya mtihani ni kuchelewa. Maswali ya 41 hadi 45 yanaandikwa kwa kalamu ya bluu au nyeusi, na kwenye Hisabati waonyeshe njia.