Wameiba picha zako za dagaa? Kusanya ushahidi kwanza

Dada, kuhusu huyo aliyebeba makala yako ya dagaa wa Kibirizi, Kigoma, na picha zake zote: usianze kugombana naye, atafuta kila kitu ubaki huna ushahidi. Piga picha ya skrini, anwani ya ukurasa na tarehe vionekane. Picha halisi iliyo kwenye simu yako usiifute, ina saa na tarehe ulipoipiga. Nakala ya WhatsApp kwa kawaida hainazo.

Haki ni yako tangu ulipoandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haikulazimishi kusajili, ingawa cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husaidia mkibishana. Mwandikie aitoe. Akikaidi, ilalamikie kampuni inayohifadhi ukurasa wake. Zile za Marekani zinafuata sheria yao ya hakimiliki mtandaoni ya 1998, DMCA: unataja kazi yako, kiungo cha nakala, unatia saini. Google nao hupokea maombi ya kuiondoa kwenye matokeo.

Ila mada yenyewe ya kuanika dagaa si mali yako. Mwingine akienda mwaloni akaandika kwa maneno yake, mwache. Na hilo jina lako kubwa katikati ya picha, jamani, lisogeze pembeni, dagaa wenyewe hawaonekani!