Jibu: Vipande vya mtiki kugeuka kahawia ndani ya chupa
Salaam ndugu. Umeandika kwamba vipande vya mtiki unavyopandikiza maabara kwenye chupa za jeli yenye virutubisho, ili viwe miche, hugeuka kahawia siku ya tatu, jeli ikabadilika kuwa kama chai ya rangi, nawe unashuku ukungu. Ukungu ungeonekana kama pamba. Unachoeleza ni fenoli, yaani kemikali za mmea wenyewe zinazogeuka kahawia zikikutana na hewa, zinazovuja mahali ulipokata.

Angalia kwanza umri wa sehemu unayokata. Mimi nilipoteza chupa nyingi kwa kutumia matawi ya mti mkubwa, hadi nilipoacha visiki vichipue na kuchukua machipukizi machanga, kila kipande kikiwa na jicho lake. Baada ya kuvisafisha kwa spiriti na klorini na kuvisuuza vizuri, viloweke kwenye maji safi ya maabara yenye vitamini C, kisha juma la kwanza uvihamishie kwenye jeli mpya kila baada ya siku mbili, chupa zikikaa gizani. Inachosha, nakiri. Wembe nao uwe mkali, kwa kuwa jeraha lililopondeka huvuja zaidi.

Mpingo sijawahi kuukuza hivi, kwa hiyo swali lako la pili, la kuhusu mti huo, ninawaachia wenye uzoefu nao.