Programu ikiganda, usikimbilie kitufe cha kuzimia

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nilikuwa naandika ripoti ndefu kwenye Word. Nilipobandika jedwali kubwa, dirisha likapauka na juu yake yakatokea maneno "Not Responding". Nikabofya mara kumi, kumi na tano, wapi! Mwishowe nikashikilia kitufe cha kuzimia hadi kompyuta ikazimika. Ilipowaka ilianza kukagua diski, na kazi ya asubuhi nzima sikuiona tena. Nilitakiwa kufanya nini? Mimi natumia Windows, mwenzangu ana Mac.

JIBU: Pole sana. Kuandika upya kitu ulichokwisha kukiandika vizuri kunachosha kuliko kukiandika mara ya kwanza.

Tuanze na yale maneno yaliyokutisha. Windows huyaweka juu ya dirisha pale programu inapokaa sekunde 5 bila kupokea ujumbe wowote kutoka kwa mfumo. Haina maana kwamba programu imekufa. Mara nyingi imezama kwenye kazi moja nzito, kama hilo jedwali lako, na haijapata nafasi ya kukusikiliza. Kubofya hakuiamshi, kunaongeza foleni tu, na ikizinduka inaweza kutekeleza mibofyo yote kwa mpigo. Kwa hiyo ondoa mkono kwenye kipanya na uipe dakika tano. Faili likiwa kubwa, ipe kumi.

Wakati unasubiri, chukua simu upige picha ya skrini kama maandishi bado yanaonekana. Nawasihi wateja wangu wote wafanye hivi. Kinachopotea mara nyingi ni aya za mwisho, na hizo ndizo zilizo mbele ya macho yako muda huo. Nimewahi kukaa na mteja tukanakili ukurasa mzima kutoka kwenye picha ya namna hiyo, neno kwa neno, na barua yake ikatoka siku ileile.

Kisha jua ni nani hasa aliyeganda. Sogeza kipanya. Bonyeza Caps Lock uangalie kama taa yake inawaka na kuzimika. Jaribu kuhamia dirisha jingine. Kama vitu hivi vinaitikia, mfumo uko hai na tatizo ni la programu moja tu, hivyo huna sababu ya kugusa kitufe cha kuzimia. Pita kwanza kwenye programu nyingine zilizo wazi, hifadhi kila kitu, ndipo urudi kwa iliyoganda.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, yaani orodha ya programu zinazoendeshwa, na pembeni utaona kila moja inatumia prosesa, kumbukumbu na diski kiasi gani. Itazame kwa dakika moja. Namba za Word zikipanda na kushuka, bado inafanya kazi, iache. Zikiwa zimetulia kimya na muda umepita, ichague ubofye "End task". Ambacho hakikuhifadhiwa ndani ya programu hiyo kinaweza kupotea, lakini nyingine zote zinabaki salama. Mwenzako wa Mac atabonyeza Command, Option na Esc, achague programu, kisha "Force Quit".

Kama dirisha lililoganda limefunika skrini nzima, tumia Ctrl, Alt na Del. Wapo wanaoziogopa bado, na wana sababu: David Bradley wa IBM alipozibuni kwa ajili ya kompyuta ya mwaka 1981, ziliwasha mashine upya papo hapo. Kwenye Windows ya leo zinaleta menyu tu, na pembeni chini kuna alama ya kuzima ambayo itakuwezesha kuwasha upya kwa utaratibu. Skrini ikiwa nyeusi huku sauti inaendelea, jaribu kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B. Hapo draiva ya grafiki, yaani programu inayoendesha picha kwenye skrini, huanza upya na programu zako zinabaki wazi.

Kuzima kwa nguvu ni pale tu kipanya kimekufa, taa ya Caps Lock haibadiliki, na dakika kumi zimepita. Shikilia kitufe hadi mashine inyamaze, kwa kawaida haifiki sekunde kumi na tano. Kwenye laptopu kuchomoa chaja hakusaidii, betri ipo. Na skrini ikisema masasisho yanasakinishwa, usiizime.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu data nyingi hukaa kwanza kwenye kumbukumbu kabla ya kuandikwa kwenye diski. Ukikata umeme katikati, NTFS, mpangilio wa faili unaotumiwa na Windows, una daftari lake la mabadiliko linalorudisha muundo wa diski sawa. Lakini daftari hilo halilindi maneno yaliyokuwa ndani ya faili lako. Ule ukaguzi uliouona ulikuwa wa muundo. Siku nyingine uache umalize wenyewe.

Kuhusu ripoti yako, usikate tamaa. Word huweka nakala ya dharura kila dakika 10 isipokuwa mtu amebadilisha mpangilio. Ifungue na utazame kushoto kama kuna orodha ya nyaraka zilizookolewa. Kama haipo, ingia kwenye menyu ya File, kisha Info, kisha Manage Document, utafute nyaraka ambazo hazikuhifadhiwa. Ukiipata, ihifadhi mara moja kwa jina jipya, usiandike juu ya ile ya zamani mpaka umelinganisha zote mbili. Halafu punguza zile dakika 10 ziwe 2.

Word ikiendelea kuganda peke yake, shikilia Ctrl wakati unaifungua na ukubali ianze bila nyongeza zake, yaani programu ndogo zilizopachikwa ndani yake. Ikitulia, nyongeza mojawapo ndiyo yenye kosa. Ila zikianza kuganda programu tofauti tofauti, hasa unapofungua faili, shuku diski, na unakili kazi zako mahali pengine leo hii, kabla hujajaribu kutengeneza chochote.