Mechi ya Pemba iwekwe katikati

Swali lenu la wiki: timu ya taifa ya netiboli ikialikwa Zanzibar kucheza mechi tatu, Unguja na Pemba, wenyeji wajipange vipi safari isije ikaivuruga ratiba? Naanza na Pemba, maana hapo ndipo ratiba nzuri za karatasini hukwama.

Wengi hupenda kuiweka Pemba mwisho, shangwe ziishie Gombani, uwanja mkuu wa Pemba, kisha wageni waage. Ni kosa. Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ikikaza, khasa Juni hadi Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, boti zinasimamishwa, na msafara wa watu 17 unabaki Chake Chake huku ndege yao ya kurudi kwao inaruka kutoka Unguja. Kuiweka mwanzo nako hakufai, kwa sababu wageni wakichelewa kufika Unguja, uchelewaji huo unavuka nao bahari mpaka Pemba na mechi ya kwanza imeshakufa. Katikati ndipo pake. Na siku ya akiba ikae baada ya mechi ya Pemba, si kabla yake.

Kwa siku inakuwa hivi: wageni wanafika Jumamosi, mechi ya kwanza Amaan, mjini Unguja, Jumatatu, wanavuka Jumanne, mechi ya Pemba Jumatano, wanarudi Alkhamisi, Ijumaa ni akiba, mechi ya tatu Jumamosi, Jumapili wanaondoka. Wakichelewa siku nzima kufika, bado wana usiku mmoja wa kulala kabla ya kucheza. Bahari ikichafuka Alkhamisi, Ijumaa ipo. Wahasibu wataiona Ijumaa kuwa ni gharama ya vyumba bure, lakini mechi iliyofutwa ni ghali zaidi: ukumbi umelipiwa, waamuzi wameletwa, tiketi zimeuzwa.

Kuvuka kwenyewe kuna njia mbili. Boti inatoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, kisha gari mpaka Chake Chake. Ndege ni kama nusu saa, na kiwanja cha Pemba hakiko mbali na mji. Kwa wachezaji nachagua ndege, kwa mizigo boti ya siku ya kabla. Anayesema mchezaji ni kijana, atavumilia mawimbi, hajafikiria hali ya mtu aliyetapika njia nzima kisha anatakiwa kuruka robo nne za dakika 15. Dawa ya kichefuchefu nayo humezwa kabla ya kupanda, si tumbo likishageuka, na nyingi huleta usingizi. Ndiyo maana haifai kuvuka na kucheza siku moja.

Tatizo la ndege ni ukubwa wake. Nyingi zinazokwenda Pemba ni ndogo, abiria 12 au 13, na mzigo kilo 15 kwa mtu. Wachezaji 12, kocha na msaidizi wake, meneja, daktari na mtaalamu wa viungo hawaingii kwa mkupuo mmoja. Hapo hufanyika kosa ambalo halionekani mpaka ndege ya pili ifutwe: wafungaji wote wametangulia kwa sababu ni marafiki, walinzi wote wamebaki. Sheria inaruhusu timu kuingia uwanjani na wachezaji watano, ila mmoja wao lazima acheze C, yaani kiungo wa kati. Basi gawa kwa nafasi. Kundi la kwanza liwe la saba kamili, kuanzia GS, mfungaji, hadi GK, mlinzi wa goli, pamoja na kocha na mtaalamu wa viungo. La pili liwe na watano waliobaki, na miongoni mwao awepo anayeweza kusimama C. Kwa mgawo huo, kundi lolote litakalofika peke yake linaweza kuanza mechi kisheria. Vesti zenye herufi za nafasi hizo zisafiri na kundi la kwanza, na seti ya ziada iende na la pili. Mipira itolewe upepo, pampu na sindano yake ziwekwe kwenye begi hilohilo. Ikijazwa tena ipimwe mzingo, milimita 690 hadi 710.

Waamuzi watangulizwe siku moja kabla. Hawa husahaulika mno, kwa kuwa wanatoka nchi nyingine, kwa ndege nyingine, na hawamo kwenye orodha ya timu yoyote. Mechi ya kimataifa inahitaji waamuzi wawili wenye daraja la kimataifa, na huwezi kumwita wa mtaani akapuliza kipenga halafu ukataka matokeo yahesabiwe. Na wenyeji nao wakumbuke kwamba wengi wa wachezaji wao wako Unguja, kwa hiyo na wao ni wasafiri siku hiyo.

Sasa safari ya kuja. Ili kuokoa pesa, timu hukata tiketi mpaka Dar es Salaam tu, halafu boti kivyake. Ndege ikichelewa kwa muda wa saa tatu, boti ya mwisho imeshaondoka, na kampuni ya ndege haidaiwi chochote, kwa sababu kwenye tiketi yake safari imekwishia Dar. Tiketi iwe moja mpaka Kiwanja cha Abeid Amani Karume. Hapo anayewachelewesha ndiye mwenye jukumu la kuwafikisha. Jambo jengine: kwa kawaida abiria asiyepanda kipande cha kwanza cha tiketi hufutiwa vipande vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi. Mchezaji anayetokea klabu ya nchi nyingine asijiunge na wenzake katikati ya njia bila tiketi yake kuandikwa hivyo tangu mwanzo.

Kadi ya homa ya manjano inataka jicho kali zaidi. Timu kutoka Uganda au Kenya inajua inaihitaji, na inajua chanjo inahesabika baada ya siku 10. Inayonaswa ni timu ya Malawi. Kwao si nchi ya homa ya manjano, wakipita Nairobi au Addis Ababa kwa saa nne hawaulizwi. Lakini ndege ikiahirishwa wakalala huko, wamevuka kikomo cha saa 12 za kungojea katika nchi yenye homa hiyo, na sasa kadi inadaiwa. Kwa hiyo wote wachanjwe mapema, hata kama ratiba inasema hawatalala njiani. Wageni wa kigeni wana pia bima ya safari ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024; ishughulikiwe na meneja kabla ya safari, si kwenye foleni.

Kama kuna anayedhani haya ni ya nchi maskini tu, akumbuke Jamaica. Julai 2022 walikwenda New Zealand kugombea Kombe la Taini Jamison, matatizo ya safari yakawafikisha wakiwa pungufu. Muda mfupi baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, Jamaica hiyohiyo, kikosi kikiwa kimetimia, iliitoa New Zealand katika nusu fainali.

Kuhusu msimu, maleleji ya Novemba, yaani utulivu baina ya kusi na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ndiyo bahari ya kuvukia, ijapokuwa mvua za vuli zinataka mchezo uwe chini ya paa. Februari na Machi kaskazi si kali sana, lakini miaka hii Ramadhani inaangukia humo. Wiki ya Mapinduzi, Januari 12, nafasi kwenye boti ni za kugombea.

Mwisho, mkataba utaje saa. Saa kumi na mbili jioni ya siku ya kabla ya kuvuka, utabiri usomwe, na mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo aamue: tunavuka, au mechi ya pili inachezwa Amaan Alkhamisi. Ukumbi wa Amaan uwe umeshikwa siku hiyo tangu mwanzo, na iandikwe nani analipa usiku wa ziada.